Rangi Haiponyi Ukuta

Ndugu zangu, leo naomba tuongelee rangi. Sio rangi za vyama wala za jezi, bali hizi tunazopaka majumbani.

Nyumba ya mama mdogo hapa Nyasubi ni ya tofali mbichi za udongo, imepigwa lipu ya saruji baadaye. Ni ya zamani, kabla mgodi wa Bulyanhulu haujaanza kuzalisha dhahabu mwaka 2001 na Kahama kufurika watu kama ilivyo sasa. Mwaka jana alikuwa anamwozesha binti yake. Sherehe Desemba, mvua inanyesha, na chini ya kuta kuna unyevu unaofika magotini. Fundi akasema, "Mama, hapo tunapiga rangi ya mafuta, hutauona tena."

Kweli, siku ya sherehe hatukuuona. Kufikia Machi rangi ilikuwa imevimba kama andazi. Ukiibonyeza inapasuka, nyuma yake unga mweupe wa chumvi, na lipu inakuja na udongo wake. Hela imekwenda na ukuta umezidi kuoza.

Sababu yenyewe ni rahisi. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni juu ya msingi, kwa hiyo maji yanapanda kutoka ardhini na chumvi yake. Ukuta wa udongo huyatoa kwa kupumua. Ukiuziba kwa saruji nzito na rangi ya mafuta, maji yanabaki ndani na chumvi inaisukuma rangi kutoka nyuma. Waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, walitumia mawe, lipu ya chokaa na kupaka chokaa juu. Chokaa inaruhusu ukuta kupumua. Sisi tunaiona chokaa kuwa rangi ya maskini!

Lakini linaloniuma zaidi sio hela. Kabla ya kupaka, fundi alikwangua rangi ya zamani kwa msasa mkavu, sebuleni, huku mjukuu wa mama mdogo anatambaa kwenye vumbi lile. Nilikuwepo. Mimi mwandishi wa habari, nimesimama napiga picha! Rangi za zamani, hasa za mafuta, zinaweza kuwa na madini ya risasi. Marekani waliipiga marufuku rangi ya namna hiyo majumbani mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na mwili wa mtoto mdogo hunyonya risasi mara nne hadi tano kuliko wa mtu mzima. Inaharibu ubongo unaokua, na haina dalili ya haraka ya kukushtua. Kama rangi ile ilikuwa nayo sijui, hakuna aliyepima. Ndiyo maana inatakiwa kuichukulia kana kwamba inayo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: rangi iwe kazi ya mwisho, sio ya kwanza. Anza na maji. Chimba mfereji, ondoa udongo uliolundikana ukutani, ziba bati linalovuja. Bandua lipu iliyokufa, acha ukuta ukauke. Paka kiangazi, Juni hadi Septemba, sio wiki ya harusi. Chini tumia chokaa, ila ujue haishiki juu ya rangi ya mafuta. Hiyo lazima itoke kwanza. Unapokwangua, lowesha ukuta, toa watoto na vyombo, kisha futa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Dukani tafuta kopo lililoandikwa kuwa halina risasi.

Na ninyi wapangaji wenzangu, mnaodaiwa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo: ukikuta chumba cha zamani kinanukia rangi mbichi, usishangilie. Inama uguse chini ya ukuta, gonga usikie kama kuna uwazi. Mwenye nyumba anayepaka rangi juu ya unyevu anakuuzia ugonjwa wa ukuta kwa bei ya ukuta mzima.

Mama mdogo ameshaanza kuchimba mfereji. Kuta za chini ziko wazi, hazipendezi hata kidogo, na wageni wanauliza. Anawajibu, "Zinakauka."