Wazee wa Usukani na Kombe Lisilokuwepo

SOGA ZA NSHOMILE
Na Projestus Rweyemamu

Kagera suka akifikisha miaka 60 anapewa heshima ya kukaa kijiweni na kusimulia jinsi gari lilivyonasa Kyamyorwa mwaka wa mvua kubwa. Ufunguo hapewi tena. Lakini Björn Waldegård wa Sweden alishinda East African Safari Classic mwaka 2011 akiwa na miaka 68, ndani ya Porsche 911, mwanawe Mathias akimsomea njia. Mwaka 2015 ikawa zamu ya Msweden mwingine, Stig Blomqvist, mwenye miaka 69. Waldegård alikuwa bingwa wa dunia 1979, Blomqvist 1984. Vijana waliokimbizana nao hapa Afrika Mashariki walikuwa bado hawajazaliwa walipotwaa ubingwa huo.

Mashindano hayo ya magari ya zamani yalianza 2003, miaka 50 tangu Safari Rally ya kwanza ya 1953, iliyopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na msidhani wazee wanapendelewa. Gari la zamani halina kompyuta ya kumsahihisha dereva. Likiteleza, linategemea mkono wake na mguu wake. Safari yenyewe tangu mwanzo haikuwa ya kasi peke yake. Kwa miaka mingi ilikimbizwa Pasaka, masika yakiwa yamepamba moto, na mwaka 1963 na tena 1968 yalimaliza magari saba tu. Mshindi miaka yote miwili alikuwa Nick Nowicki, kwa Peugeot 404. Anayejua lini aachie mafuta ndiye anayefika, na hilo kijana hujifunza baada ya kuvunja magari kadhaa ya watu.

Mkongwe mwingine wa Safari ni Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, Kenya, aliyeshinda 1965 kwa Volvo ya mtumba. Akashinda tena 1974, kisha 1976 akiwa na miaka 44.

Shekhar Mehta anatuhusu zaidi sisi wa mpakani. Alizaliwa Kampala, na mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, familia yake ikakimbilia Kenya. Miezi michache baadaye, 1973, alishinda Safari akiwa na Datsun 240Z, baada ya kulingana alama na Harry Källström. Kisha akashinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982. Amin huyohuyo ndiye aliyetuvamia Oktoba 1978 na daraja la Kyaka likabomolewa. Ushindi wa pili wa Mehta ulikuja Aprili 1979, siku chache tu baada ya majeshi yetu kuingia Kampala. Huku Bukoba nani alikuwa na nafasi ya kusikiliza habari za mbio za magari?

Lakini kinachoniudhi ni Bert Shankland. Huyu alikuwa mkazi wa Dar es Salaam, na akiwa na Chris Rothwell alishinda Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404. Waulize vijana wa Muleba watakutajia kikosi kizima cha Arsenal pamoja na wa akiba. Shankland hawamjui, na si kosa lao, maana hakuna aliyewaambia. Wakenya wanamtukuza Joginder hadi leo. Sisi tuna mshindi wa mara mbili na hatuna hata bango.

Safari Classic imewahi kukatiza mpaka na kuingia Arusha, halafu ikarudi Kenya. Nasi huku Kagera njia tunayo: kutoka Muhutwe, upande mlima hadi Kamachumu, ushuke Muleba, migomba kulia na kushoto, na mvua ambayo haihitaji kuombwa. Wanaoandaa mbio za magari nchini watupe siku moja tu, magari ya kabla ya 1985, hata yakiwa kumi. Njia ichorwe na madereva wetu wastaafu walioendesha Peugeot na malori ya kahawa kabla ya lami, kwa sababu wanajua kila kona ambayo tope hujificha. Walipwe kwa kazi hiyo, wasipewe soda na asante. Na kombe liitwe Kombe la Bert Shankland.