Gari la Kukodi: Tozo ya Maegesho ni Deni la Nani?

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake.

Ndugu Waislamu mnaoishi hapa Uingereza, hivi karibuni tulijiwa na ndugu wawili wakitaka tuwaamue. Wa kwanza amekodi gari la familia kwa miaka mitatu. Wa pili aliliazima siku ya Ijumaa ili aiwahi khutba, akaliegesha katika uwanja wa maduka ulio jirani na msikiti, ambako maegesho ni bure kwa saa moja tu. Swala ilipokwisha akasimama nje kuzungumza, kama ilivyo ada yetu, na saa ikapita. Kamera ikasoma nambari ya gari, barua ya madai ikapelekwa kwa kampuni iliyokodisha. Kampuni ililipa upesi pauni 60, ikazikata katika akaunti ya aliyekodi, na juu yake ikaongeza pauni 30 za ushughulikiaji. Aliyeazima akasema: "Gari ni la kampuni, nami sina mkataba na yeyote." Aliyekodi naye akasema kuwa siku hiyo hakuugusa hata usukani.

Kwanza yafaa ifahamike kuwa tozo ya uwanja wa mtu binafsi si faini ya serikali. Ni dai la mkataba: kibao kimewekwa mlangoni chenye masharti, na anayeingia huhesabiwa kuwa ameyakubali. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya nchi hii iliamua kesi ya Bwana Beavis, aliyepitisha muda kwa dakika 56 katika uwanja wa maduka huko Chelmsford, ikasema kuwa pauni 85 alizodaiwa ni halali kudaiwa.

Je, anadaiwa nani? Asili ni dereva. Lakini sheria ya mwaka 2012, katika Jedwali lake la 4 linalotumika England na Wales, imempa mdai njia ya kumwendea mwenye kusajiliwa na gari iwapo dereva hajulikani. Kampuni ya kukodisha imewekewa mlango wake wa kutokea. Ndani ya siku 28 ikimpelekea mdai tamko kuwa gari lilikodishwa, pamoja na nakala ya mkataba na nakala ya karatasi ambayo aliyekodi ametia saini ya kukubali dhamana, basi kampuni hutoka na dai humgeukia aliyekodi. Mdai naye ana siku 21 za kumwandikia aliyekodi na kumpa nakala hizo, na akichelewa hupoteza njia hiyo. Gari linalonunuliwa kwa mafungu halimo katika mlango huu. Basi kampuni inapolipa haraka bila kumwuliza aliyekodi, humnyima nafasi ya kukata rufaa, hata kama kibao kilikuwa kimefichwa na matawi ya mti.

Sasa tuutazame mlango wa fiqhi. Katika ijara, mwenye mali hubaki na dhati ya kitu, na aliyekodi humiliki manfaa kwa muda wa mkataba. Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Riyadh mwaka 2000, lilikazia kuwa dhamana ya gari lenyewe ni ya mwenye kukodisha maadamu aliyekodi hakuvuka mipaka wala hakuzembea. Lakini kuegesha ni katika matumizi, si katika dhati ya gari. Hivyo hoja ya "gari ni la kampuni" haisimami.

Baina ya aliyekodi na aliyeazima, mafaqihi wana kanuni mashuhuri, nayo imo katika Majalla ya dola ya Uthmaniya, kifungu cha 90: wakikutana mtendaji mwenyewe na aliyesababisha tu, hukumu humwangukia mtendaji. Aliyetoa funguo ni msababishi. Aliyeegesha na kuzungumza ndiye mtendaji. Na kudai kuwa hana mkataba na yeyote ni kughafilika, kwani Imamu Nawawi mwenyewe aliona mapatano ya vitendo bila matamko yanaswihi pale ada ya watu inapoyahesabu kuwa ni biashara. Aliyepita mbele ya kibao kilicho wazi amekubali.

Wapo watakaosema kuwa tozo inayozidi hasara ni kula mali kwa batili. Tunawaheshimu. Hata hivyo Baraza hilo hilo, mwaka 2000, lilijuzisha sharti la adhabu katika mikataba, isipokuwa pale ambapo asili ya wajibu ni deni. Hapa pana tahadhari kubwa: tozo ikishathibiti huwa deni, na nyongeza inayokuja kwa kuchelewesha hunuka riba. Basi barua isilazwe kabatini. Ama ilipwe mapema, ama ipingwe kwa hoja ya kweli.

Tunasema hoja ya kweli kwa sababu tumesikia shauri linalonong'onwa katika baadhi ya mabaraza, kwamba aandikwe kama dereva jamaa aliyekwisha rudi Mombasa au Unguja, kwa kuwa eti mdai si Muislamu. La hasha! Amana haibaguliwi kwa dini ya mwenye haki. Mtume (S.A.W.) alipohama Makka alimwacha Ali (R.A.) arejeshe amana za watu wale wale waliomfukuza. Sheria hii haimlazimishi aliyekodi kumtaja dereva kwa mdai binafsi, anaweza kunyamaza. Kunyamaza ni jambo moja, na kuzua jina ni jambo jingine. Naye dereva hana ruhusa ya kunyamaza mbele ya ndugu yake anayelipia kosa lake.

Zilibaki zile pauni 30. Katika madhehebu ya Shafi, anayelipa deni la mwingine bila idhini huhesabiwa kuwa amejitolea, wala hana haki ya kurejeshewa. Tukaomba mkataba tuusome. Kifungu kilikuwemo, kwa maandishi madogo, kikiipa kampuni idhini ya kulipa na kudai gharama, na aliyekodi alitia saini bila kukisoma. Basi kampuni haikumdhulumu, ingawa ingaliweza kumwandikia kwanza. Na kwa kuwa hakumweleza mwenzake juu ya kifungu hicho alipompa funguo, tuliona pauni 60 ni za aliyeegesha, na 30 ni za aliyetia saini.

Aliyeazima amekubali kulipa kwa mafungu mawili. Mwenzake amezipokea 30 zake, japo bado ananung'unika kila tukutanapo udhuuni.

Wallahu aalam.