Tokyo: Mchana ni nafuu, usiku ndio unaokula mtaji

Kwa miaka mingi jina la Tokyo limekuwa likitisha mifuko ya wasafiri. Hadithi za kikombe cha kahawa chenye bei ya mlo mzima zilienea kote, na wafanyabiashara wa Dar es Salaam na Mombasa wanaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani walizisikia mapema kuliko wengine. Hofu hiyo sasa imepitwa na wakati. Lakini iliyochukua nafasi yake ni hatari zaidi: msafiri anaona chakula cha mchana ni nafuu, anajiamini, halafu pesa zinamtoka usiku.

Unafuu huo umeletwa zaidi na kushuka kwa thamani ya yen. Mwishoni mwa Oktoba 2011 dola moja ya Marekani ilinunua yen zisizofika 76. Mwanzoni mwa Julai 2024 dola hiyo hiyo ilinunua zaidi ya yen 161. Mlo wa yen 1,000, uliomgharimu mgeni dola 13 mwaka 2011, ukawa wa dola 6 na senti kidogo. Hata hivyo, soko la fedha halina urafiki wa kudumu. Ilipofika tarehe 5 Agosti 2024, mwezi mmoja tu baadaye, dola ilikuwa imeshuka hadi karibu yen 142. Aliyepanga likizo kwa bei ya Julai na kubadili fedha siku hiyo alipungukiwa zaidi ya asilimia 11 kabla hajanunua hata chai. Funzo ni kubadili mapema fedha za chakula na kutotegemea bei ya siku ya kufika.

Sasa tazama hesabu yenyewe, kwa kukadiria dola moja kuwa yen 150. Asubuhi, maduka yanayofunguliwa saa 24 kama Seven-Eleven, Lawson na FamilyMart huuza matonge ya wali yaitwayo onigiri. Mawili na kahawa ni kama yen 500. Mchana, mikahawa mingi hutoa mlo kamili wa wali, supu na samaki au nyama kwa yen 1,000 hivi, na mara nyingi jikoni hilo hilo hudai mara tatu au zaidi ifikapo jioni. Bakuli la tambi za ramen huwa karibu na yen 1,000, na bakuli la wali na nyama ya ng'ombe kwenye mikahawa ya Yoshinoya au Sukiya huwa karibu nusu ya hapo. Maji ya bomba ni salama, na bakshishi haitolewi. Mtu mmoja anaweza kula siku nzima na kushiba kwa yen 3,000, yaani dola 20.

Hapo ndipo wengi hukosea. Wanachukua dola 20, wanaongeza kidogo "kwa ajili ya bia", wanazidisha kwa idadi ya siku na kufunga daftari. Usiku wa Tokyo hauuzwi kwa bei ya bia. Unauzwa kwa kiti, kwa saa na kwa usafiri.

Mteja akikaa katika baa ya kawaida ya Kijapani, izakaya, huletewa kibakuli cha kitafunio ambacho hakukiagiza. Si zawadi. Ni malipo ya kiti, na kwa kawaida ni yen 300 hadi 500 kwa kila mtu. Katika vichochoro vya Golden Gai, Shinjuku, ambako baa nyingi hazina hata viti kumi, malipo ya kiti yanaweza kufika yen 1,000 au zaidi kabla ya glasi ya kwanza, na baadhi hupokea pesa taslimu tu. Juu ya hayo kuna kodi ya matumizi, ambayo tangu Oktoba 2019 ni asilimia 10 kwa mlo wa mezani na kwa pombe, na asilimia 8 kwa chakula cha kubeba. Zikiandikwa bei mbili, ile kubwa ndiyo ya kulipa.

Gharama kubwa zaidi huja kama saa sita usiku, treni za mwisho zinapoondoka. Treni hurudi kama saa kumi na moja alfajiri. Kwa viwango vilivyoanza Novemba 2022, teksi huanza kwa yen 500, na kuanzia saa nne usiku nauli huongezeka kwa asilimia 20. Safari ya kilomita 10 haipungui sana yen 4,800. Jumlisha yen 4,000 za izakaya na 3,000 za baa ya pili, usiku mmoja unafika yen 11,800, karibu dola 79. Ni mara nne ya chakula cha siku nzima. Kwa mfanyabiashara mdogo, siku tano za namna hiyo ni takriban dola 395. Ni fedha zilizopaswa kurudi dukani.

Kuna hasara nyingine isiyo na kiwango. Katika mtaa wa Kabukicho wapiga debe huwavuta wapita njia kwa ahadi ya bei rahisi, na bili inayofuata huwa ya kutisha. Tokyo ina sheria ndogo dhidi ya baa za aina hiyo tangu mwaka 2000, na vipaza sauti vya mtaani huwaonya watu. Anayemfuata mpiga debe amejitakia.

Wapo watakaosema kwamba likizo isiyo na usiku si likizo. Ni kweli, na hakuna anayeshauri kulala saa mbili. Kinachoshauriwa ni kununua usiku kwa bei inayojulikana. Baa nyingi zina mpango wa nomihodai, kunywa bila kikomo kwa dakika 90 au 120, ambao mara nyingi ni yen 2,000 hivi. Hoteli iliyo karibu na mtaa wa starehe, hata ikizidi bei kwa yen 2,000, ni nafuu kuliko teksi moja. Na saa ya treni ya mwisho iandikwe kabla ya kutoka hotelini, si baada ya glasi ya tatu.

Basi msafiri afungue madaftari mawili, la mchana na la usiku, na fedha za la usiku zikiisha zisikopwe kwa la mchana. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.