Mwiga Tembo Hupasuka Msamba

Wanafunzi wenzangu, kuna vijana wanaodhani ati gari la otomatiki likitiwa tokikonveta ya mashindano litapaa. Hasha! Kifaa hiki hukaa kati ya injini na giaboksi, kikipitisha nguvu kwa mafuta. Cha mashindano huiacha injini ifike hata mizunguko 4,000 kwa dakika kabla ya kushika sawasawa. Kwenye jam ya Nairobi kitateleza tu, mafuta yapate moto, giaboksi iungue, na petroli iishe bure. Injini isiyoguswa yatosheka na kile cha kiwandani. Aliyeibadilisha ajue kwanza nguvu zake huanzia mzunguko upi, ndipo achague kinacholingana nazo, na aongeze rejeta ya kupoza mafuta ya giaboksi. Tusinunue sifa, jamani, tununue kinachofaa.