Tusiache majalada ya kompyuta yafe

Katika kila ofisi ya umma, jalada la karatasi lina mlinzi wake. Karani wa masjala huandika linapotoka na linaporudi, na anayelipoteza hudaiwa maelezo. Lakini majalada yaliyomo ndani ya kompyuta mara nyingi hayana mwenyewe. Barua za kupandishwa vyeo, mihtasari ya vikao na hesabu za shule za miaka 20 iliyopita zimebaki katika muundo wa zamani, na hakuna anayezikumbuka mpaka siku zinapohitajika.

Hali hiyo haifai kuendelea.

Kabla ya mwaka 2007, waraka wa Word ulihifadhiwa katika muundo wa .doc, na jedwali la Excel katika .xls. Ndipo ikaja miundo ya .docx na .xlsx, ambayo mwaka 2008 ilikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa. Programu za leo bado huweza kufungua faili hizo za zamani, na hapo ndipo uzembe unapojificha. Mradi faili linafunguka, watu husema, kuna haja gani ya kuhangaika?

Yaliyotokea Uingereza ni jibu tosha. Mwaka 2020, wakati wa janga la UVIKO-19, idara ya afya ya umma ya England ilikusanya majibu ya vipimo katika majedwali ya .xls, ambayo hayachukui zaidi ya mistari 65,536. Iliyozidi iliachwa nje kimya kimya. Wagonjwa 15,841 hawakuingia katika taarifa za kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Muundo mpya huchukua mistari zaidi ya milioni moja. Mashine haikukosea, waliokosea ni wenye dhamana.

Hapa kwetu, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haikutungwa kwa ajili ya makaratasi peke yake. Mwalimu anayekaribia kustaafu, ambaye barua yake ya kuthibitishwa kazini imo katika faili lisilosomeka, amenyang'anywa haki yake sawasawa na yule ambaye jalada lake limeliwa na mchwa.

Kwa hiyo kazi hii isitupiwe katibu muhtasi peke yake. Wakuu wa idara na walimu wakuu waagize orodha ya faili zote za zamani, na yaanze kugeuzwa yale yanayobeba haki za watu. Igeuzwe nakala, faili la asili lisifutwe. Kisha mtu wa pili alinganishe tarehe, tarakimu na majedwali, kwani faili kufunguka si ushahidi kwamba kila kitu kimo. Nyaraka zisizobadilishwa tena zihifadhiwe pia katika PDF/A, muundo uliowekwa mahsusi kwa utunzaji wa muda mrefu.

Wapo watakaosema kuwa watumishi ni wachache na kazi ni nyingi. Ni kweli. Lakini asiyeziba ufa atajenga ukuta, na kumbukumbu iliyokwisha potea haina fundi wa kuijenga upya. Mwananchi ametukabidhi amana. Siku atakapokuja kuidai, tuwe nayo.