Kukoroma si Usingizi wa Pono

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja alisimama akasema mzee anayekoroma ana moyo usio na deni, ndiyo maana analala usingizi wa pono. Waumini wakacheka, wakapiga makofi. Mimi nilimkumbuka baba, machozi yakanilenga.

Baba alikoroma miaka na miaka. Ukuta mzima ulitetemeka, kisha ghafla kimya. Kimya kile ndicho tulichopaswa kukiogopa, nasi tulishukuru kwamba ametulia! Baada ya kitambo alishtuka kama mtu aliyenusurika kuzama, akavuta pumzi kwa kishindo, ngurumo zikaanza upya. Asubuhi kichwa kinamgonga, mchana anasinzia kijiko mkononi. Alipoanza kuniita kwa jina la mdogo wangu, ukoo mzima ukasema ni uzee. Shangazi akasema ni jinamizi linamkaba, aitwe mganga. Pesa ya mbuzi wawili ikapotelea huko. Na daktari? Alimpima presha akaandika dawa, hakuuliza hata siku moja mzee huyu analalaje.

Sasa niambieni: mtu anayekabwa koo usiku kucha amelala? Misuli ya koo inalegea, njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unamgutusha apumue, mwenyewe hana habari. Pumzi ikikatika au kupungua mno kwa sekunde 10, madaktari wanahesabu moja. Zikifika 30 kwa saa, ugonjwa umekuwa mkali. Kwa usingizi wa saa 8, hiyo ni mara 240. Mgutushe kijana wa miaka ishirini mara 240 usiku mmoja, kisha kesho muulize funguo ziko wapi.

Mwaka 2011 Kristine Yaffe na wenzake kule Marekani walichapisha utafiti wa wanawake wazee 298, wastani wa miaka 82, ambao walianza wakiwa na akili timamu. Miaka kama mitano baadaye, kati ya waliokuwa wakikatikiwa pumzi usingizini, karibu 45 katika kila 100 walikuwa wamepungua akili. Kwa wenzao, 31. Huo nao ni uzee tu?

Jirani yangu ananijibu kwamba babu yake alikoroma hadi akafika tisini. Wapo pia waliovuta sigara wakafika tisini; tuwagawie wajukuu pakiti?

Na haya maduka yanayouza vidonge vya usingizi bila cheti cha daktari yananikera kupita kiasi. Mzee analalamika hachangamki, anapewa kidonge kinacholegeza koo lilelile linaloziba.

Mashine ya kusukuma hewa puani ili koo lisizibe ilivumbuliwa na Colin Sullivan huko Sydney, na dunia ikaifahamu tangu 1981. Baba alikufa bila hata kusikia kwamba ipo.

Mhubiri, Jumapili ijayo rudi mimbarini. Waambie wale uliowachekesha wakae kando ya kitanda cha mama zao, saa mkononi, wahesabu kile kimya, kisha wawapeleke hospitali.