Pweza Si Dubwana, Ni Riziki

Ipo filamu ya Disney ya mwaka 1954, iliyotokana na riwaya ya Jules Verne, mabaharia wakipigana na ngisi mkubwa wa kutisha. Ndani ya ile nyambizi hakuna mwanamke. Binti akiitazama, hudhani bahari ni hofu, tena ni ya wanaume.

Lakini kule Songosongo, Kilwa, maji ya bamvua yakitoka, wanawake huingia mwambani na vijiti vyao, wakarudi na pweza. Hapo ndipo zinapotoka ada za shule na vyombo vya harusi.

Bi harusi mtarajiwa, usiionee haya kazi iliyokulea. Filamu watoto watazame, ila kisa cha mama wakisikie kwanza.